Diwani Kichwani kwa Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walikuwa na nyumba, na masufuria, na majirani wa kusengenyana nao, kama sisi tu. Ng'ambo ya mto alikaa Mzee Kobe, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu. Mashine yenyewe ilikuwa moja, tena ikikohoa: koho-koho-taka! Koho-koho-taka!

Siku moja Kobe akatangaza shindano. Kila mwenye mswada wa mashairi aulete, na diwani itakayoshinda itachapwa kitabu. Isipopatikana iliyo nzuri, haichapwi hata moja. Na mwisho wa kupokea ni leo, jua likizama.

Bi Kindi akaruka kwa furaha mpaka akagonga kichwa kwenye tawi. Diwani anayo! Ameiandika tangu ujana wake. Wenzake wakikusanya njugu, yeye anahesabu mizani. Mama yake akimwita mvivu, yeye anatafuta vina. Alikitaka kitabu hicho kuliko chakula.

Akaubana mswada kwapani, mbio mpaka mtoni. Loo! Katikati ya kivuko amelala Kiboko.

"Simama! Umebeba nini?"

"Mswada wa mashairi, Bwana Kiboko."

"Vizuri. Lete niule."

"U... uule?"

"Wa Digidigi nimekula. Wa Nungunungu nimekula pia, ingawa umenikwaruza koo. Nataka wangu ubaki peke yake, nishinde. Haya, lete!"

Kindi akaung'ang'ania mswada wake. Jasho la miaka yote hiyo liishie tumboni mwa huyu? Hata kidogo!

"Hewala, bwana mkubwa," akasema. "Lakini kwanza nisomee wako, nifurahi."

Kiboko akakohoa, akatunisha kifua, akaanza kughani: "Nyasiii... nyasi, nyasi. Nyasi, nyasi... nyasiii!"

"Halafu?"

"Halafu wino ukaisha."

"Maskini wee! Sasa Mzee Kobe si alisema asipopata diwani nzuri hachapi kitu? Umekula zote nzuri. Umebakiwa na nyasi."

Hilo Kiboko hakuliwaza.

"Nifanyeje, Bi Kindi?"

"Beba huu wangu. Sema ni wako."

"Na wewe?"

"Mimi? Kimo hiki, nikipanda jukwaani nani ataniona? Jukwaa linamtaka mtu mwenye mwili!"

"Kweli kabisa!" akasema Kiboko, na papo hapo akapiga unyayo wa tope juu ya jina la Kindi kwenye jalada. Pwaa!

"Ila karatasi zisilowe," akasema Kindi. "Ngoja nikae kichwani kwako niziinue juu."

Chubwi! Wakaingia majini. Huko juu, Kindi akachomoa kalamu sikioni, akafuta kidogo, akaandika kidogo.

"Unafanya nini huko?"

"Naweka nukta, bwana mkubwa. Usigeuke, utatuzamisha!"

Wakafika jua likiwa limebaki jekundu. Kindi akarukia mti ulio kando ya uwanja wa Kobe. Kiboko akautupa mswada mezani kwa Kobe. "Wangu huo! Nimeutunga mwenyewe!"

Kobe akasoma usiku kucha, maana kusoma kwake ni kama kutembea kwake. Asubuhi akaita wanyama wote uwanjani.

"Nimepata mshindi," akasema. "Bwana Kiboko, panda jukwaani. Kwa desturi, mshindi hughani ubeti wa mwisho."

Sasa watoto, kila mshairi anajua kwamba ubeti wa mwisho ndipo mtunzi hujitaja jina. Kila mshairi, isipokuwa Kiboko, ambaye hajawahi kufika ubeti wa mwisho ya kitu chochote.

Jukwaa likalia kwaa! Kiboko akafumba jicho moja, akanguruma:

"Tamati ninamaliza, kalamu naiachia,
Jina msije uliza, ni Kindi nawaambia,
Mtini ninajilaza, mkia najikunjia,
Kiboko kanipakiza, mtoni kanivushia."

Uwanja mzima ukapasuka: kwa-kwa-kwa! Kwi-kwi-kwi!

"Mti gani huo, Kiboko, ambao haujavunjika?" akauliza Digidigi.

"Geuka tuuone mkia!" akapiga kelele Nungunungu.

Kindi akashuka mtini kama mvua, machozi yanamtoka. "Ndimi, Mzee Kobe! Yangu hiyo, ubeti kwa ubeti!" Naye, bila kuombwa, akaighani diwani tangu mwanzo, bila karatasi, mpaka Kobe akaiwasha mashine: koho-koho-taka!

"Lakini mimi ndiye niliyeileta!" akalia Kiboko.

"Ni kweli," akajibu Kobe, "na tumekushukuru. Umetajwa mstari wa nne."

Basi watoto wangu, atakaye sifa za kazi ya mwenzake, walau aisome kwanza mpaka mwisho.