Pindo la Mkeka wa Bi Zume

Mkeka uliokunjwa haufunzi. Shemsa kaambiwa neno hilo asubuhi hii alipofunika kazi yake kwa kanga ili wenzake wasiione, na nyote mkacheka. Mnacheka nini? Hata lilikotoka hamkujui. Methali hii ilianzia nyumbani kwetu, mwaka nilioposwa mimi, na waliohusika nawajua kwa majina. Nisikilizeni, lakini mikono isisimame. Masikio hayashiki ukindu.

Bibi yangu mzaa mama, Bi Zume, alikuwa msukaji. Alikuwa na pambo lake moja lililoitwa njia ya siafu. Mistari miwili myekundu inatoka huku na huku, inapishana katikati ya utepe wa ukili, kisha kila mmoja unashika njia yake. Wanawake walitoka mbali kuja kuitazama, na kuitazama ndiko tu walikopata. Kila alipoanza ukili wa siafu, bibi alijifungia chumbani, na alipokwisha kuushona mkeka, ule mwanzo aliukunjia ndani ya pindo usionekane. Hata wanawe wawili, mama yangu Riziki na dada yake Mize, hakuwaonyesha. Alisema atawafundisha watakapotulia. Akafa hajawafundisha.

Aliacha mkeka mmoja. Mama mkubwa Mize aliuchukua, akaukunja, akauzungushia shuka na kuuweka juu ya kabati. Miaka minne haukulaliwa wala haukuanikwa. Ukimtajia tu, macho yanamlenga machozi.

Basi mimi nikaposwa. Katika ukoo wetu, tangu bibi, binti haendi kwa mumewe bila mkeka wa siafu, na lazima uwe mpya, uliosukwa na mama yake. Wa marehemu haufai. Watu watasema bibi arusi kaingia na matanga. Mama akachemsha ukindu na rangi, akaanza. Mara ya kwanza siafu wake waligongana katikati. Mara ya pili wakapotelea ukingoni. Mara ya tatu hata sijui walikuwa wadudu gani. Alihesabu chane nyekundu za ukindu juu ya mikeka ambayo bibi aliwasukia watu, maana wake wa arusi ulikwisha kuchakaa, hesabu ikawa sawa, na bado haikukubali. Zikabaki wiki tano kufika arusi. Siku moja akautupa ukili uani, akakaa chini akalia.

"Mwanangu, utaolewa kama mtu asiye na kwao," aliniambia. Na mimi nikalia, maana nilimpenda mchumba wangu, na watu wa kwao walikuwa na midomo.

Kesho yake tukaenda kwa mama mkubwa.

"Dada," mama alisema, "naomba ule mkeka wa mama."

"Uutazame?"

"Nifumue pindo. Mwanzo umo humo ndani."

"Weee! Umfumue mama?" Mama mkubwa alisimama. "Pindo lile alilishona anakohoa, Riziki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia uzi kwenye shazia, macho yake hayaoni tundu. Wewe ulikuwa kwa mumeo."

"Kweli, sikuwepo. Nawe uliyekuwepo, alikuonyesha anavyoanza?"

Mama mkubwa alikaa tena, akavuta ushungi wake.

"Hakunionyesha," alisema. "Nilimwomba mara mbili, akaniambia nitoke nifunge mlango."

Mama mkubwa akanigeukia mimi, akaniuliza kama najua kusuka. Nikamwambia najua ukili wa kawaida tu. Akaguna. Kisha akapanda kwenye kiti, akauteremsha ule mkeka, akaondoa shuka, akaukunjua sakafuni. Harufu ya bibi ilikuwa imekwisha kutoka. Ulinuka kabati tu. Hilo lilimuuma kuliko yote, niliona.

"Kama ni kufumuliwa," alisema, "mkono uwe wangu."

Alikata uzi mmojammoja kwa wembe. Mama alishika upande wa pili. Pindo lilipofunguka tukauona mwanzo wenyewe: chane nyekundu hazikuwa mbili kama watu walivyohesabu, zilikuwa tatu. Ya tatu ilianzia chini ya nyeupe, haionekani juu mpaka mistari inapopishana.

Lakini mama mkubwa hakuwa akitazama chane ya tatu. Alikuwa akipapasa zile chane kwa kidole gumba. Nyinyi mnajua, ukindu ukishakunjwa, alama haitoki. Na mwanzo ule ulijaa alama za makunjo, nyingine huku, nyingine kule.

"Kafumua," mama alisema. "Mara tatu."

"Nne," alisema mama mkubwa. "Tazama hapa." Akaanza kucheka, na huku machozi yanamtoka. "Kumbe ndiyo maana mlango ulifungwa! Mama alikuwa anakosea, Riziki! Alikuwa anakosea kama wewe, na hakutaka tumwone!"

Walikumbatiana pale chini, wakalia kilio ambacho hata kwenye msiba hawakukilia.

Baadaye mama mkubwa alijipangusa, akasema, "Miaka minne nimeulinda na sikujua ninalinda nini. Mkeka uliokunjwa haufunzi." Hakulishona tena lile pindo. Aliutandika mkeka barazani, wazi hivyo hivyo, na kila mwanamke aliyetaka kujua mwanzo wa siafu alikuja akaketi akaushika.

Mkeka wangu ulikwisha siku mbili kabla ya arusi. Pembeni una kosa moja, siafu mmoja kapotea njia. Mavyaa wangu aliliona, akanyamaza. Na yeye alikuwa msukaji.

Haya, Shemsa. Najua umefumua tangu asubuhi, na najua mara ngapi, chane zako zinasema. Toa hiyo kanga, mama, wenzako waone ulipokosea na ulipopatia. Mkeka uliokunjwa haufunzi.