Namkunda na Mzee Asiyeona

Mtu mmoja alikuwa na baba kipofu. Mtu huyo aliitwa Mbazi, mwenye mashine ya kusaga nafaka, na kwa kuwa alishinda mashineni kutwa, alimwajiri mwanamke aitwaye Namkunda amtunze mzee. Walipatana hivi: siku Namkunda akichoka, aseme, angoje apatikane mwingine, amwonyeshe kazi, kisha aende zake kwa amani.

Namkunda aliijua kazi yake. Hakumgusa mzee kabla ya kumsemesha, maana mtu asiyeona hushtuka. Alimshika mkono wakaenda pamoja hadi uani, akimwambia hapa pana jiwe, hapa pana ngazi. Mzee huyo, jina lake Kajiru, aliijua nyumba yote kwa sauti ya mwanamke huyo.

Lakini Mbazi alikuwa na ulimi mkali. Akirudi amechoka humkaripia Namkunda kwa kosa na pasipo kosa. Anachoagiza asubuhi hukikana jioni. Mwanamke akawa anatetemeka kila asikiapo mlango ukifunguliwa. Siku moja, mbele ya wageni, Mbazi alisukuma sahani ya chakula alichopika Namkunda akasema hata mbwa wake hali kitu kile. Wageni wakainamisha vichwa.

Kesho yake asubuhi, Mbazi alipokwisha kwenda mashineni, Namkunda alichukua ndoo akaenda kisimani. Akaiweka ndoo ukingoni. Akasimama kidogo, kisha akashika njia ya kwenda kwa dada yake, ng'ambo ya mlima. Alifikiri kwamba akiaga atazuiwa. Tena alitaka Mbazi aone uchungu wa kuachwa ghafla. Usiku ule alilala vizuri, jambo ambalo hakuwa amelipata kwa muda mrefu.

Kule nyumbani mzee aliita, akaita tena. Adhuhuri jirani akapita akasema ndoo ya Namkunda iko ukingoni mwa kisima na mwenyewe haonekani. Akakimbia kwenda kumwita Mbazi. Mzee hakungoja. Alitwaa fimbo yake akatoka peke yake, akipapasa njia, akiliita jina la Namkunda. Hakuwepo wa kumwambia penye shimo. Mbazi na jirani walimkuta korongoni, nyonga imevunjika.

Siku chache baadaye habari za mzee zilimfikia Namkunda sokoni, kule kwa dada yake. Mwanzo alijiambia kwamba kosa ni la Mbazi, na kweli Mbazi alikuwa na kosa lake. Lakini chakula kilimshinda. Akarudi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: akinitukana nitamjibu hivi, akinilaumu nitamwambia vile. Alipobisha hodi, Mbazi alifungua mlango, akampisha.

Mzee alikuwa amelala. Namkunda akamsemesha kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akamshika mkono.

"Kumbe u mzima," mzee akasema. "Nilidhani umetumbukia kisimani, mwanangu, ndiyo maana nikatoka."

Katika maneno yote aliyoyapanga njiani, hakuna hata moja lililofaa kwa hilo. Alipiga magoti kando ya kitanda akalia, na mzee akambembeleza yeye.

Mwanamke mwingine alikwisha kuajiriwa. Namkunda alikaa naye siku chache ili amwelekeze. Akamwonyesha jinsi mzee anavyopenda kikombe chake kiwekwe, na jinsi ya kumsemesha kwanza. Akaanza kumweleza habari za jiwe na ngazi, akaacha, kwa kuwa Mzee Kajiru hakuweza tena kutembea, na hakutembea hadi alipokufa.

Ndugu zangu, sisemi kwamba Namkunda hakuwa na haki ya kuondoka. Nyumba ile ilimwumiza, na Mbazi ana hesabu yake ya kujibu. Lakini alipotaka kumwadhibu aliyemwumiza, pigo lilimwangukia aliyemtegemea. Nanyi mlio na hasira leo na mnataka kutoka pasipo kuaga, nawauliza: mkishakwenda, ni nani atakayetoka gizani kuwatafuta?