Sauti Mbili Ukunguni

Sogeeni, wajukuu zangu, nanyi mnaocheka kule nyuma nyamazeni. Kisa hiki hakipendi kelele. Zamani hizo, milima ilipokuwa bado inajua majina ya watu, aliishi binti aitwaye Nakijwa na mama yake.

Mlimani kwao ukungu ulishuka mchana kweupe, na ndani ya ukungu mlikuwa na Mwitaji. Alikuita kwa jina lako, kwa sauti ya umpendaye. Ukimfuata, basi, umekwisha! Watu walikuta kikapu tu njiani, na ndizi zingali ndani.

Sasa, kila siku ya gulio alipita bibi mmoja wa wafugaji wa ng'ambo ya bonde, akiuza maziwa. Nakijwa akajifunza lugha yake. Akirudi nyumbani anahesabu kuku kwa lugha ile, anahesabu mafiga, anahesabu vidole vya miguu. Mama yake yuko kwenye jiwe anasaga, amekunja uso.

"Ebo! Lugha ya watu wa maziwa itakupa nini? Ya kwenu yenyewe hujaimaliza!"

Nakijwa alinuna, akazidi kuhesabu.

Siku moja akaenda kuokota kuni. Ukungu ukashuka, ukashuka, hata asione mkono wake mwenyewe.

"Nakijwa, mwanangu, njoo." Kushoto, karibu. Sauti ya mama, tamu.

"Nakijwa! Uko wapi, mwanangu?" Kulia, mbali. Sauti ya mama, ile ile!

Msinitolee macho. Hata ninyi mngelia, na yeye alilia. Kisha akawaza: Mwitaji ameokota lugha yetu kwa watu wetu aliowala. Ya ng'ambo ataitoa wapi? Lakini mama naye haijui! Akajaribu hivyo hivyo, maana hakuwa na jingine. Akapaza sauti kwa lugha ya wafugaji:

"Nihesabie!"

Kushoto kimya. Kisha, "Nakijwa, mwanangu, njoo," vile vile, neno kwa neno, na safari hii ubaridi ukamgusa shingoni.

Kulia, sauti ya kutetemeka ikajibu kwa lugha ile ile ya wafugaji, imeivunjavunja vibaya: "Moja! Mbili! Nne! Tano!"

Tatu imerukwa. Nakijwa akatimua mbio kulia, akaangukia kifuani mwa mama yake.

"Mama! Umejifunza lini?"

"Unanipigia kelele kutwa, masikio yangu nikayaweke wapi?" Wakacheka huku wanalia.

Basi mtoto akileta lugha ya jirani nyumbani, msimkaripie. Kaeni karibu naye msikilize, hata mkiokota nusu. Mama yule aliokota nusu, na ikatosha kumrudisha mwanawe.

Bibi yangu alihesabu mayai kwa lugha ile akiruka tatu. Mama yangu pia. Nami nimekitua kisa changu, anayekitaka akibebe. Haya, simameni niwahesabu, ukungu huo unashuka: moja, mbili, nne...