Ushuru wa Kivukoni na Jiko la Kalunde

Hapo zamani, zamani ya watu waliojua kuchemsha maji lakini wasiojua kunyamaza, palikuwa na mji uitwao Isunga. Ardhi ya Isunga haikuotesha mtama wala muhogo wa maana. Mungu aliwapa kitu kimoja tu: chemchemi ya maji ya chumvi, na kuizunguka, majiko arobaini. Wanawake walichota, wakachemsha kutwa, wakakwangua chumvi kwenye vyungu na kuifunga katika majani. Wanaume wakaibeba kuvuka mto hadi Ulindi, kwenye mtama. Chumvi ilikwenda, mtama ukarudi. Katika kila mizigo kumi ya chumvi, mmoja ulibaki kivukoni. Huo ndio uliokuwa ushuru wa Mtemi wa Ulindi. Watu walinung'unika kidogo kila siku, maisha yakaenda.

Jiko la chumvi Isunga lilikuwa la mwanamke. Alilirithi kwa mama yake. Lakini desturi ilisema hivi: jiko likilala baridi msimu mzima, si la mtu tena, ni la mji. Na jiko bora kuliko yote lilikuwa lile la mdomoni pa chemchemi, nyuma ya mawe, mahali maji yanapotoka yakiwa makali. Hilo lilikuwa la Kalunde.

Kalunde hakuwa na kingine. Mume alikufa, mtoto hakujaliwa. Ndugu aliyebaki ni wifi yake, Nyanzala, dada wa marehemu, mwenye jiko la mwisho kabisa, kule maji yanakofika yamekwisha kuchoka. Wawili hao walisalimiana kwa matusi kila asubuhi, na siku ambayo mmoja hakutukana, mwenzake alijua ni mgonjwa.

Basi ikawa Ulindi mvua ilikataa miaka miwili, na watu wakaanza kumsema Mtemi wao. Walikuwako kule waliochoma matete na kuchuja majivu yake wakapata chumvi nyeusi, chungu. Hao wakaenda kwake. "Mtemi, hatuuzi. Chumvi ya Isunga ndiyo inayotumaliza." Mtemi akafikiri. Mvua hakuwa nayo ya kuwapa, akawapa adui. Akatangaza: "Katika mizigo kumi ya Isunga, minne ibaki kivukoni!" Ngoma zikapigwa Ulindi siku tatu. Mtu aliyechukiwa kwa ukame akapendwa kwa ushuru, na mvua haikunyesha vilevile.

Isunga wakakaa barazani. Nani aende kuzungumza? Wakamtazama Kalunde. Ulimi anao, tena hana mtoto wa kuhongwa kwa jina lake.

"Nitakwenda," akasema Kalunde. "Jiko langu je?"

"Litakungoja, mama. Nani wa kuligusa?" Ndivyo wanyampara wa baraza walivyosema. Shikeni neno hilo.

Maana kazi ya mpatanishi ilikuwa na miiko yake. Aliishi peke yake katika kibanda cha kivukoni. Hakuonja chumvi ya kwao wala ya kule, kwa sababu zamani sana mpatanishi mmoja alinunuliwa kwa chakula cha jioni. Na watu wake hawakuruhusiwa kusema naye hata neno moja, mpaka mazungumzo yaishe. Unga wake uliwekwa juu ya jiwe. Aliyeuleta alipiga makofi mawili akaondoka.

Nyanzala alimsindikiza mpaka njia panda. "Afadhali uende, wifi," akamwambia. "Angalau masikio yangu yatapumzika."

"Na pua yangu," akajibu Kalunde. Wakaachana.

Mwezi wa kwanza, Kalunde aliona ni kama mapumziko. Mwezi wa pili, ugali usio na kitu na mlenda usio na chumvi vilianza kumshinda kumeza. Kila siku ya soko alikuja Kasonta, msemaji wa Mtemi, wakakaa juu ya jiwe pana na kupanga kokoto nne katikati yao.

"Leo umekuja kuuza au kulia, mama?" Kasonta aliuliza.

"Nimekuja kukuangalia unavyonenepa kwa chumvi yetu."

Kalunde alisukuma kokoto tatu kando. Kasonta alizirudisha. Akaenda zake. Hivyo hivyo, siku ya soko baada ya siku ya soko. Na Kasonta alipoondoka, palibaki mto. Mto husema sana lakini haumsemeshi mtu. Kalunde akaanza kukisalimia chungu chake. Akaanza kukingoja kile kishindo cha makofi mawili kama mwali anavyongoja posa, na alipotoka mbio apate kuona japo mgongo wa mtu, aliona majani yanatikisika tu.

Wakati mwingine upepo ulimletea nyimbo za wanawake wa Isunga wakichota maji ya mto huko juu. Maneno hayakufika. Yalifika majina. Mwezi wa kwanza alisikia jina lake. Mwezi wa tatu alisikia jina la Mgalula. Baadaye hakusikia wimbo kabisa.

Sasa ninyi mtajua asiyoyajua Kalunde.

Mgalula alikuwa kijana mwenye sauti nzuri aliyetamani kuwa mwanangwa, yaani mkuu wa mji. Mwezi ule wa tatu alisimama barazani akasema, "Yule mama anabembeleza! Anayebembelezwa huringa. Tuzime moto! Tusipeleke hata punje, tuone Ulindi watakula nini." Na ili waone hatanii, alichukua vyungu vya chumvi vya mama yake akavivunja mbele za watu, akabomoa na jiko. Vya mama yake, nasema. Mama mtu alisimama pale kashika kiuno. Watu walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Wakaapa majiko yote yazimwe, mtu asikanyage chemchemi. Wakamfanya Mgalula mwanangwa siku hiyohiyo. Wakaapa na neno la pili: atakayefungua kivuko atapewa jiko la mdomoni.

"Lile si la Kalunde?" aliuliza mtu mmoja.

"Msimu ukiisha litakuwa limelala baridi. Ni la mji."

Nani angempelekea Kalunde habari? Desturi ilikataza. Na desturi ikikuruhusu kunyamaza juu ya jambo la aibu, unaipenda desturi kuliko siku zote.

Miezi ikapita. Mtama ukaisha Isunga. Watu waliomwimba Mgalula wakaanza kupita mbali na mlango wake. "Chumvi hatuli peke yake," walisema. Na Kalunde naye wakamsema: "Anashiba kule, ndiyo maana harudi." Angeshiba nini, mwenzangu!

Mwezi wa kumi na moja Kasonta alikuja bila mzaha. Alikaa. Hakupanga kokoto.

"Mama, niambie kweli. Majiko yenu bado yanawaka?"

Kalunde akashangaa. "Yanawaka. Kwa nini yasiwake?"

Alisema alichokijua. Kasonta akamtazama usoni, hakuona kuficha. Tena yeye mwenyewe juzi alikuwa ameonjeshwa chumvi ya Isunga, mpya, nyeupe, imeuzwa kwa kificho kwenye kona ya soko la Ulindi. Akaona kweli hawa hawafi, wanaweza kungoja miaka.

"Sisi hatuwezi," akasema. "Chumvi ya matete imepanda bei, na uchungu wake uko palepale. Jana wanawake walipanga vyungu vya mlenda usio na chumvi mlangoni kwa Mtemi. Wakamwambia, onja, wewe uliyetuwekea ushuru! Wale wale waliopiga ngoma."

"Basi autoe."

"Mtemi hawezi kula matapishi yake mbele za watu."

Kalunde akaokota kokoto moja, akaiweka katikati yao. Kisha akasema, "Asile. Atangaze kwamba mimi nimepiga magoti, nimelia, naye kwa huruma zake amenisamehe mizigo mitatu. Ubaki mmoja kama zamani. Mimi sitabisha."

"Mama. Kwenu watakutafuna."

"Kwetu wananijua," akasema Kalunde.

Tangazo likapigwa kwa ngoma, likatangulia kufika Isunga. Watu wakasikia mambo mawili: kivuko kimefunguliwa, na Kalunde amepiga magoti. La kwanza wakalishukuru kimya. La pili wakalisema kwa sauti.

Aliporudi hapakuwa na kigelegele. Wakampa kiti, wakamwekea ugali na mchicha ulioungwa vizuri, chumvi yake sawasawa. Kalunde akatia tonge mdomoni. Ulimi wake, uliokaa miezi kumi na moja bila chumvi, ukawaka kama umepakwa pilipili. Akatema.

"Mmemwona?" mtu akanong'ona. "Kazoea vya Ulindi."

Akainuka akaenda kwenye jiko lake. Njiani majiko yote yalikuwa yamekufa, nyasi zimeota ndani, na sasa ndipo alipoelewa swali la Kasonta. Alipozunguka mawe akamkuta Nyanzala amechuchumaa, anapuliza moto. Jivu lilikuwa jekundu.

"Umekonda," alisema Nyanzala bila kugeuka. "Ulikuwa mbaya, sasa umezidi."

"Unafanya nini kwenye jiko langu?"

"Si lako. Kaulize barazani."

Barazani ndiko alikoambiwa kiapo cha pili, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukisikia katika mji mzima. Wanyampara walikaa. Watu walijaa. Akasimama Mgalula kwanza.

"Jiko la mdomoni ni la aliyefungua kivuko. Nani alifungua? Wanawake wa Ulindi walilia kwa sababu hawakuwa na chumvi. Hawakuwa na chumvi kwa sababu sisi tulizima moto. Tulizima kwa sababu mimi nilisema. Nisingesema, huyu mama angekuwa anapanga kokoto hadi leo. Na mama yangu hana jiko; nililivunja kwa ajili yenu. Mpeni yeye jiko hilo."

"Ulimwuliza kabla ya kuvunja?" ilikuwa sauti ya Nyanzala kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Mgalula akamgeukia. "Na wewe una lipi, shangazi?"

Nyanzala akasogea mbele akijifuta majivu mikononi. "Mimi sikuzima. Nilichemsha kwenye jiko la wifi, mchana kweupe, kiangazi chote, wakati ninyi mnachoma mapori na moshi uko kila mahali. Nani angeona moshi wangu? Chumvi kidogo nikaipitisha kwenye matete, nikauza Ulindi. Ushuru sikulipa."

Zogo likalipuka. "Mvunja kiapo!" "Msaliti!"

"Pigeni kelele," akasema Nyanzala. "Mtama nilioleta niliuacha milangoni mwenu. Mlidhani umedondoshwa na ndege? Hata mama yako, Mgalula, uji aliokunywa mwezi wa nane ulikuwa wa usaliti. Na Ulindi waliponusa chumvi mpya, walijua hatujafa. Tungekuwa tumezima kweli wote, wangengoja wiki nne zaidi, sisi tungewatambalia wenyewe. Zaidi ya hayo, jiko hili halikulala baridi hata siku moja. Basi si la mji. Ni la aliyeutunza moto wake."

"Ungekamatwa, kivuko kingefungwa milele!" akasema mnyampara mmoja.

"Sikukamatwa."

Wakamgeukia Kalunde. Kalunde alisimama akishikilia fimbo, akasema polepole, maana alikuwa amesahau namna ya kusema na watu wengi.

"Jiko nimelipata kwa mama yangu. Nililiacha kwa kutumwa na ninyi, na mkasema litaningoja. Mlipoliweka liwe zawadi, hamkuniuliza. Hamkuniambia mmezima moto. Nikamwambia Kasonta majiko yanawaka, na kwa kutojua kwangu akaniamini. Ushuru umerudi mmoja. Bei yake ni jina langu, na hiyo sikulipiwa na mtu. Mgalula alipozima moto, alipigiwa vigelegele. Mimi nilipoumaliza ugomvi, mnaninong'ona. Sitaki vigelegele. Nataka nilale karibu na jiko langu."

"Lakini ulipiga magoti," akasema mtu.

"Nilisema Mtemi wao atangaze hivyo."

"Tutajuaje kama hukupiga? Ulikuwa peke yako."

Ni kweli, alikuwa peke yake. Kasonta ndiye aliyekuwepo, na Kasonta ni wa kule.

Wanyampara wakavutana mpaka jua likainama. Mmoja akasema apewe Mgalula, maana njaa ya chumvi ndiyo iliyomvunja Mtemi. Mmoja akasema Nyanzala, maana hakuna mwingine aliyeshika moto. Mmoja akasema Kalunde, halafu akaona nyuso za watu, akasema labda Kalunde, kisha akasema wasubiri kidogo. Wakaomba maji.

Watu watatu wamesimama pale katikati. Mgalula ana watu upande wake, hata kama wamepungua. Nyanzala ana wale waliokula mtama wake, na sasa wanaona haya kumwangalia. Nyuma ya Kalunde hakuna mtu. Pana uwanja mtupu mpaka kwenye nyumba. Amewageuzia ninyi uso, anangoja litajwe jina.

Haya, ninyi mliokaa hapa mmeshiba: aliyezima moto, aliyeuwasha kwa siri, au aliyepoteza jina lake kivukoni? Jiko ni moja. Je, mngempa nani?