Magamba Kwenye Kamba ya Nkwimba

Hadithi yaja.
— Na ije.
Ina mkia mrefu.
— Tuushike.
Mkiushika, msiuvute.
— Hatuuvuti.

Hapo zamani, zamani sana, panya walikuwa wengi kuliko watu. Watu walilima mtama, panya wakala. Watu wakafuga paka, paka wakashiba, wakalala. Panya wakaendelea kula.

Katika kijiji kimoja aliishi mjane jina lake Nkwimba, na binti yake mmoja tu, Limi. Nkwimba alifuga nyoka. Si nyoka wa sumu, la. Ni nyoka wa nyumbani, wapole, wa rangi ya udongo, wanaokula panya. Aliyekuwa na nyoka mmoja ndani ya kihenge chake cha mtama alipata usingizi.

Nyoka hao wote walikuwa watoto wa nyoka mmoja mzee, Mama Nyoka, aliyekaa kwenye chungu karibu na jiko. Siku ya kwanza yeye na Nkwimba walipatana hivi. Kila mtoto atakaa kwenye chungu chake. Kila akijivua gamba, gamba hilo litatungwa kwenye kamba juu ya chungu hicho. Gamba moja, pishi moja ya mtama. Mnunuzi atahesabu mwenyewe.

"Na nikikosea bei?" Nkwimba aliuliza.

"Mimi sitakuuma," alisema Mama Nyoka. "Bei yenyewe itakuuma."

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Mzee Luhende, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi. Alihesabu magamba manne, akacheka. Akasema huyo si nyoka, ni mnyoo uliopakwa mafuta, na nusu pishi inamtosha. Nkwimba alikuwa na haya, hakujua kubishana. Akapokea nusu pishi.

Luhende hakumfikisha nyoka kihengeni. Alimwacha uani, kuku wakamdonoa, mwewe akamchukua. Watu walipomuuliza, alijibu, "Kitu cha nusu pishi. Nitanunua kingine."

Mama Nyoka alisikia. Hakula siku saba.

Nkwimba alilia. Kunguru akatua juu ya paa, akamwona. Akamwambia kwamba watu hudharau kitu cha bei ndogo, hivyo apandishe bei. Nkwimba akasema bei haipandi, bei ni magamba.

"Basi ongeza magamba," alisema Kunguru. "Porini yamejaa. Nitakuletea, nawe utanipa yai moja la nyoka kwa kila gamba."

Siku ya kwanza Kunguru alileta gamba moja. Nkwimba akatunga. Siku ya pili akaleta mawili. Nkwimba akatunga. Siku ya tatu akaleta sita. Yote sita akayatunga kwenye kamba moja, ya nyoka mwenye magamba matatu.

Mama Nyoka akauliza mbona watoto wake wanazeeka upesi hivyo.  Nkwimba akafunika chungu.

Ndipo akaja Ng'washi, jirani yake. Alikuwa na watoto watano na kikapu chenye pishi tatu. Panya walikuwa wamekula nusu ya kihenge chake. Alimtazama nyoka aliyekuwa mwembamba kama utambi, kisha akatazama kamba.

"Mama Limi, huyu kweli ameshajivua mara tisa?"

"Kamba ndiyo hiyo, dada. Hesabu."

Ng'washi alihesabu mara tatu. Kisha akabeba kikapu chake, akaondoka.

Baada ya siku tatu walikutana kisimani. Nkwimba akauliza habari za panya. Ng'washi akajibu kwa ubaridi kwamba wametulia. Mumewe alikuwa amechimba kichuguu, akapata nyoka wa rangi ile ile ya udongo, bure, akamtia kihengeni.

"Tena si kama hao wako wanaosinzia," alisema. "Huyu akikasirika hunyanyua kichwa na kutanua shingo."

Mtungi ukamponyoka Nkwimba, ukavunjika. Nyoka wa nyumbani hatanui shingo. Huyo alikuwa swila, na aliyeumwa na swila haoni jua la kesho.

Ng'washi akaendelea, "Limi yuko kwetu. Nimemwomba awachotee wanangu mtama, maana yeye haogopi nyoka."

Haogopi nyoka. Tangu alipojifunza kutembea, Limi alitia mkono vyunguni bila kutazama.

Nkwimba alikimbia. Nyumba yake ilikuwa njiani, na mlangoni alimkuta Mama Nyoka, akamweleza kwa pumzi moja.

"Nibebe," alisema Mama Nyoka.

"Swila hula nyoka wenzake."

"Najua. Nibebe."

Walimkuta Limi amesimama juu ya kigoda, mkono wake umezama kihengeni hadi begani.

"Mama," alisema, "mbona huyu ni mzito kuliko wetu? Amenipanda mkononi."

"Usiuvute mkono, mwanangu. Usitikisike."

Mnauona mkono ule?
— Tunauona.
Msipumue kwa nguvu.

Nkwimba alimweka Mama Nyoka kwenye tundu la chini la kihenge. Mama Nyoka akaingia. Mtama ukachakacha, ukanyamaza. Ukachakacha tena.

"Mama, ameshuka," Limi alisema polepole.

Nkwimba akamnyakua. Kihenge kikatikisika mara moja. Kikatikisika mara ya pili. Mara ya tatu hakikutikisika.

Wanaume walikuja na mikuki, wakamtoa swila. Alikuwa mzito, tumbo limevimba, hawezi kukimbia. Wakamuua. Mama Nyoka hakutoka.

Nkwimba alirudi nyumbani, akateremsha kamba zote mbele ya majirani. Akachambua magamba ya porini, akasema wazi alilolifanya. Kunguru akatua kudai mayai yake. Tena akashauri kwamba sasa nyoka watakuwa adimu, bei ipande. Nkwimba akayachoma yale magamba ya porini, moshi ukamfukuza Kunguru kutoka juu ya paa.

Alitaka kumpa Ng'washi nyoka bila malipo. Ng'washi akakataa.

"Cha bure nimeshakiona," alisema. Akahesabu magamba matatu, akamimina pishi tatu.

Mzee Luhende naye akaja, na nusu pishi yake, na kicheko chake. Safari hii Nkwimba hakuona haya, akamwonyesha kamba. "Hesabu, mzee." Akahesabu manne, akalipa nne. Nyoka huyo alimpeleka kihengeni kwa mikono yake mwenyewe, akamlinda kama ndama.

Kamba ya Mama Nyoka ilibaki juu ya chungu kitupu, magamba yake hayahesabiki. Mgeni akiuliza bei ya mwenye kamba ile, Limi alimjibu, "Huyo hauzwi. Yeye ndiye aliyelipa."

Basi, wasikilizaji wangu, ukiuza chini ya haki, kitu chako kitatupwa. Ukiuza juu ya haki, jirani yako atakwenda kuchimba kichuguu. Na mkono utakaoingia humo huenda ukawa wa mwanao.

Hadithi yangu imeingia shimoni, mkia umebaki nje. Mwenye kuutaka aushike, naye asimulie.