Uwanja wa Vitovu

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, chaki ilipokuwa bado kitu cha ajabu, palikuwa na kijiji kisicho na shule. Watoto walisomea barazani kwa Mwalimu Hizza. Mvua ikinyesha, chwa, chwa, chwa, ubao unafutika, masomo yamekwisha.

Mwalimu akasema, "Msiponipa uwanja kabla ya masika, nahamia ng'ambo ya mto."

Uwanja ulikuwa mmoja tu, katikati ya kijiji. Lakini Mzee Shekidele alikuwa ameujaza mbuzi. Mee! Mee! Wazee walipokwenda kumwomba, akapiga kisigino chini, kibu!

"Kitovu changu kimezikwa hapa. Mila yasemaje?"

Wazee wakainamisha vichwa. Mila yasema kwamba kilipozikwa kitovu chako, hufukuzwi.

"Basi sitoki. Na mbuzi wangu hawatoki."

Wakamwita Bibi Semeni binti Kihiyo, mkunga mkongwe. Akaja na mkongojo, ko, ko, ko.

"Shekidele mwanangu, husemi uongo. Nilikizika mimi, pale kwenye kichuguu. Ulikuja na kichwa kama mtungi, ukamtesa mama yako."

Watu wakacheka. Shekidele naye akacheka, maana alijiona ameshinda.

"Mmesikia?"

"Na cha mkeo kipo pale," Bibi akaendelea. "Cha jirani yako Mhando kipo hapo unapokanyaga. Jembe langu lilikuwa bovu, na udongo laini ulikuwa hapa tu. Haya, wanangu, kila mtu akakae juu ya kitovu chake!"

Kijiji kizima kikaingia, wakubwa kwa watoto, kikaketi. Mbuzi wakabanwa. Mee! Mee!

"Mtaniulia mbuzi wangu!"

"Kwani vitovu vya mbuzi alizika nani?" Bibi akauliza.

Shekidele akawapigia mbuzi mluzi. Mbuzi wakatoka.

Yeye mwenyewe alikwisha kusema hatoki, na hakutoka. Shule ikajengwa ikimzunguka. Mwalimu Hizza akampa kibao, akasoma pamoja na wajukuu zake, pale pale kwenye kichuguu, mpaka akaweza kuandika Shekidele bila kuazima herufi kwa jirani.

Na tangu siku hiyo, mtoto akifukuzwa darasani hujibu, "Kitovu changu kiko hapa, Mwalimu!" Mwalimu hukuna kichwa, akaendelea kufundisha.

Ukiishika mila ikulinde, usishangae ikimlinda na jirani yako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyezikwa kitovu kwingine na atusimulie ya kwao.