Moto wa Kilele cha Mshizi

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni, na anayetaka kucheka akacheke nje. Hii si ya kucheka.

Hapo kale palikuwa na kilele kiitwacho Mshizi, na juu yake zimwi. Chini yake kulikuwa na vitongoji vitatu: Ndolwe, Kighuru na Vitoi. Zimwi lilimeza wapita njia tu. Vitongoji liliviogopa, maana mmoja akipiga yowe, wote hutoka na mapanga.

Pembeni aliishi mjane, Nakijwa, na mwanawe Mbonea.

Siku moja ukungu ulishuka, mvua ikazima moto wa Nakijwa. Mbonea akashikwa na homa, akitetemeka.

Basi Nakijwa akaenda Ndolwe. "Hodi jamani, naomba moto, mtoto anakufa."

"Zimwi hufuata moshi. Rudi."

Akaenda Kighuru. "Zimwi hufuata moshi. Rudi."

Akaenda Vitoi, kwa shemeji yake mwenyewe. "Zimwi hufuata moshi, shemeji. Rudi."

Nakijwa akalia. Alipochoka kulia, akapanda Mshizi.

"Hodi."

"Nani huyo anapiga hodi kwangu?" likauliza zimwi.

"Jirani. Naomba moto."

Zimwi likatoka nje kumtazama. Halijawahi kuitwa hivyo. "Jirani simli," likasema, likampa kijinga cha moto. "Na wale wa chini, si jirani zako?"

Nakijwa akaikumbuka milango mitatu. "Sina jirani ila wewe."

"Kumbe siku hizi wakipiga yowe hatoki mtu," likasema zimwi.

Basi Nakijwa akashuka mbio, akawasha moto, akamnywesha Mbonea uji. Mtoto akatoka jasho, akalala.

Jioni hiyo yowe likapigwa Ndolwe. Hakutoka mtu.

Yowe likapigwa Kighuru. Hakutoka mtu.

Yowe likapigwa Vitoi, na sauti ilikuwa ya shemeji yake. Nakijwa akashika panga, akamtazama mtoto, akaogopa, akaketi. Naye hakutoka.

Asubuhi akapita na kijinga mkononi, nyumba hadi nyumba. "Hodi. Nimeleta moto." Milango ilikuwa wazi, na hakuna aliyeitika.

Hadithi yangu imeishia hapo, milangoni pa Vitoi.

Wanangu, jirani hanyimwi moto. Naye aliyenyimwa, likipigwa yowe, na atoke.